Dorika Stefano Nandonde, Aliyeingia Kwanza Ndipo Akasaini

Marehemu Dorika Stefano Nandonde, ambaye wengi waliofika leo wamemzoea kwa jina la Mama Furaha, alizaliwa Lulindi, wilayani Masasi, Jumapili ya tarehe 14 Machi 1971. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Stefano Nandonde, fundi seremala wa misheni, na Bibi Ethel. Asubuhi hiyo baba yake alikuwa kanisani akikaza benchi lililolegea kabla waumini hawajafika. Alipopelekewa habari kwamba amepata binti, alijibu kuwa anakuja, amalizie benchi. Bibi Ethel hakuyasahau maneno hayo, na kila alipomwona Dorika akiacha chakula kipoe kwa sababu ya kazi, alisema tu, "Huyu ni wa baba yake."

Nyumba ya misheni ilikuwa na tangi kubwa la saruji la kukingia maji ya mvua. Kila mwaka kabla ya mvua lilisuguliwa ndani, na kwa kuwa tundu lake lilikuwa dogo, walioingia walikuwa watoto. Dorika alipokuwa na miaka tisa alitoka humo na jiwe mkononi, akamwambia baba yake kwamba kuna mahali upande wa chini panalia tofauti na kwingine. Alikuwa ameugonga ukuta wote, kiasi cha kiganja kwa kiganja.

"Ulitumwa kusugua au kupiga ngoma?" baba yake alimuuliza, na mafundi waliokuwepo wakacheka.

Mvua za Januari zilipojaza tangi, lilivuja mahali pale pale. Tangu hapo, Lulindi kukiwa na pipa, mtungi au hata kengele ya kanisa isiyoaminika, watu walimwita mtoto wa Mzee Stefano aje agonge.

Alisoma Shule ya Msingi Lulindi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha sekondari mjini Masasi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989. Mwaka 1991 alijiunga na chuo cha ufundi mjini Mtwara katika fani ya kuchomelea vyuma. Darasa lilikuwa na wanafunzi kumi na tisa, naye alikuwa msichana pekee. Siku ya kwanza mwalimu alimuuliza kwa upole kama amepotea njia ya darasa la ushonaji. "Hapana, mwalimu," alisema. "Nimesikia hata hapa mnashona, ila uzi wenu ni wa moto." Alihitimu mwaka 1993 akiwa wa pili. Kuhusu aliyekuwa wa kwanza, marehemu alishikilia hadi mwisho wa maisha yake kwamba kazi ya kijana yule ilikuwa nzuri sana kwa nje.

Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Emmanuel Mchopa wa Makote, wilayani Newala. Walikutana gereji mjini Masasi, ambako Dorika alikuwa akichomelea mageti na matela, na Mwalimu alikuwa amepeleka baiskeli iliyokatika fremu. Mwalimu husema aliirudisha baiskeli ile mara tatu, na mara mbili za mwisho haikuwa na tatizo lolote. Dorika alilijua hilo tangu mara ya pili, kwa sababu aliigonga. Mungu aliwajalia watoto watatu: Furaha, Kelvin na Oliva. Walilima mikorosho yao Makote, na kwa miaka mingi Mama Furaha alishinda Masasi siku za kazi, akapanda kwenda Newala kila Ijumaa kwa pikipiki, ovaroli ikiwa imefungwa nyuma.

Nyumbani hakuacha kazi yake getini. Mwaka 2015 Mwalimu alinunua jiko la gesi na kualika ndugu waje kunywa chai ya kwanza iliyochemshwa bila moshi. Wageni wakakaa. Mama Furaha akachukua beseni la povu la sabuni, akapaka kila kiungo cha mpira na kila koki, akachuchumaa kutazama kama kuna kinachotoa mapovu. Wifi yake Isabela, dada wa Mwalimu, alivumilia nusu saa nzima.

"Wifi, tuliitwa kunywa chai au kuogesha jiko?"

"Chai ipo, wifi. Nataka uinywe ukiwa na nyusi zako."

Waliinywa saa tano. Isabela amekuwa akiisimulia chai hiyo kwa miaka kumi, na kila mwaka inachelewa zaidi.

Tarehe 1 Aprili 2009 Mama Furaha aliajiriwa na Kampuni ya Lukuledi Ukaguzi na Upimaji, ilipofungua tawi Masasi. Kwa wasioifahamu, ni kampuni inayopima uimara wa mitambo: maboila ya mvuke katika viwanda vya korosho, mitungi ya upepo ya gereji, winchi za kunyanyulia mizigo, na viungo vya vyuma vilivyochomelewa. Mkaguzi akiridhika anasaini cheti, na mtambo unafanya kazi mwaka mzima kwa nguvu ya saini hiyo. Alipelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya miezi sita. Julai 2010 alipata leseni ya kukagua maboila, akiwa mwanamke wa kwanza katika kampuni hiyo kuipata, na mwaka 2013 akapata nyingine ya kupima vyuma kwa mawimbi ya sauti. Jarida la wafanyakazi lilichapisha picha yake mara zote mbili. Katika ile ya kwanza amefumba macho.

Boila linapokaguliwa huzimwa, hupoozwa, humwagwa maji, halafu mtu huingia ndani kwa tundu ambalo upana wake ni kama wa ungo mdogo. Wapo wakaguzi wanaochungulia kwa tochi wakaridhika. Mama Furaha aliingia. Aliingia na nyundo ndogo na chaki, akagonga kiganja kwa kiganja kama alivyogonga tangi la Lulindi, na alipotoka aliandika katika fomu, kwenye sehemu ya hali ya ndani, neno moja: "Nimeingia."

Meneja wake, Bwana Marko Likokola, alimwita ofisini. "Mama Furaha, pale tunataka hali ya ndani, siyo habari za safari yako."

Kuanzia siku hiyo aliandika, "Nimeingia. Hali ya ndani ni nzuri." Au si nzuri, ilivyokuwa. Neno la kwanza hakuliondoa.

Mwenzake wa kazi tangu mwaka 2010 alikuwa Bwana Ashiru Komba, Mngoni wa Namtumbo, mtu mrefu na mpana ambaye hakuna boila kusini lililowahi kumpitisha. Kazi yake ilikuwa kukaa nje ya tundu, na kila baada ya dakika mbili kumwita aliye ndani, ili ajulikane kuwa hajazidiwa na hewa. "Mama Furaha." "Nipo." Dakika mbili. "Mama Furaha." "Nipo." Kwa kuwa Wangoni na sisi wa Masasi ni watani tangu vita vya mababu, katikati ya majibu hayo kulikuwa na mengine.

"Mtani," sauti ilitoka ndani ya chuma, "wazee wako walipita Masasi wakabeba kila kitu, wewe hata tundu la boila hupiti."

"Ndivyo vile walivyobeba, mtani. Nimevirithi vyote kiunoni."

Yanayofuata marehemu aliomba yasomwe. Aliyatamka mwenyewe kwa binti yake Oliva mwezi Julai mwaka huu, neno kwa neno, na akataka yarudiwe kusomwa mbele yake ahakikishe hayajapambwa.

Novemba 2016, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, alifika na Ashiru katika kiwanda kimoja cha kubangua korosho huko Newala. Boila lilikuwa limefunguliwa lakini halijapoa vya kutosha. Wakiwa wanasubiri, simu ikaita kutoka Lulindi: Bibi Ethel ameanguka, amevunjika nyonga. Ashiru alimwambia aende, watarudi kesho yake. Lakini boila lilitakiwa kuwashwa alfajiri, na getini walikuwa wamekwisha kuambiwa wanawake mia mbili wa kubangua kwamba kesho kazi ipo. Mama Furaha alichungulia kwa tochi, akagonga kwa nje, akasaini. Kwenye hali ya ndani aliandika, "Nzuri." Neno lake la kila siku hakuliandika, kwa kuwa lisingekuwa kweli, na hakuna aliyegundua kuwa halipo. Alimkuta mama yake hai. Zikafuata wiki za hospitali, kisha kazi nyingine, kisha nyingine. Alisema alilikumbuka boila lile kila Ijumaa pikipiki ilipopita karibu na bomba lake la moshi, na kila Ijumaa alijiambia Jumatatu.

Juni 2017 kampuni ilitaka kumtangaza Mkaguzi Bora wa Mwaka. Pamoja na tuzo hiyo angepandishwa cheo kuwa mkuu wa wakaguzi kanda ya kusini, cheo alichokitamani na asichowahi kuficha kwamba anakitamani. Bwana Marko aliandika habari ya jarida kwa mkono wake, akajivunia kichwa cha habari: "Nimeingia: Vyeti 312 vya Mama Furaha." Akamwita aisome kabla haijaenda kuchapwa. Ashiru alikuwepo.

Mama Furaha aliisoma mara mbili. "Ni mia tatu na kumi na moja," alisema.

"Nimehesabu mwenyewe."

"Kimoja sikuingia." Akakitaja kiwanda na tarehe.

"Mama Furaha, boila hilo lina miezi saba linafanya kazi. Halijakohoa hata mara moja."

"Lingekohoa, Meneja, tusingekuwa tunazungumzia jarida."

"Basi tusubiri cheti kiishe Novemba, uingie. Nani atajua?"

"Chini yake kuna wanawake mia mbili. Wifi yangu ni mmoja. Wao wanajua kuwa niliingia."

Bwana Marko akamgeukia Ashiru amsaidie. Ashiru alisema, "Meneja, mimi siku ile sikuita jina lake. Miezi saba nangoja aseme."

Kiwanda kilizimwa siku tatu: ya kupoza, ya kukagua, na ya kuwasha upya. Mwenye kiwanda hakumpa hata kiti. Wanawake walikaa nje ya uzio na visu vyao vya kubangulia, na wa mbele alikuwa Isabela.

"Wifi, siku tatu hizi tule nini, hiyo chaki yako?"

"Nivumilie, wifi."

"Nilikuvumilia kwenye chai. Hapa kuna nyumba mia mbili."

Mama Furaha alivaa ovaroli, akaingia. Alikaa ndani dakika hamsini, na kwa mara ya kwanza wanawake wale walisikia Ashiru akiita na sauti ikijibu kutoka kwenye chuma. Wanasema baada ya jibu la kumi hakuna aliyekuwa akizungumza tena. Alipotoka, uso wake ulikuwa mweusi, meno tu yakionekana.

"Umekuta nini?" Isabela aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu?"

"Hakuna kitu, wifi. Ni zima."

Kilichofuata kilikuwa kicheko, na hakikuwa cha upole. Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Kwa msimu mzima uliofuata, sokoni Newala aliitwa Mama Hakuna Kitu, na aliitikia.

Aliandika katika fomu: "Nimeingia. Hali ya ndani ni nzuri. Cheti cha Novemba si halali kwa sababu siku ile sikuingia." Kwa maneno hayo alipata barua ya onyo. Tuzo haikutolewa mwaka huo, na cheo alipewa mtu mwingine. Ukurasa wake katika jarida ulijazwa habari za mechi ya wafanyakazi, ambamo tawi la Masasi lilifungwa mabao manne. Barua ya onyo aliiweka katika jalada moja na leseni zake, na ndimo ilimokutwa wiki hii. Bibi Ethel alipohadithiwa yote alisema kosa lile lisiandikwe jina la mwanawe, liandikwe la nyonga yake.

Oliva, aliyekuwa na miaka kumi na moja, alimkuta jioni moja jikoni akiwa ameketi bila kufanya lolote, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alimuuliza kama anajuta. Mama yake alisema anajuta kwa ajili ya zile siku tatu za wanawake, na cheo kilimuuma. Kisha akasema, "Lakini nimelala usingizi, mwanangu. Tangu Novemba nilikuwa sijalala vizuri."

Januari 2019 kampuni ilitoa fomu mpya kwa matawi yote. Juu ya hali ya ndani paliongezwa mstari: "Mkaguzi ameingia?" Aliyeupendekeza alikuwa Bwana Marko. Hakuna jarida lililoandika habari hiyo, lakini wakaguzi wanauita mstari wa Mama Furaha, hata wale wa mikoani ambao hawakuwahi kumwona. Yeye aliendelea na kazi kama kawaida. Boila la Newala alilikagua kila mwaka hadi 2023, na kuanzia mwaka wa pili wanawake walitoka nje wenyewe kumsikiliza akijibu. Isabela ndiye aliyewanyamazisha.

Februari 2024 marehemu alianza kulalamika maumivu upande wa kulia. Alipelekwa hospitali Mtwara, akalazwa kitandani, daktari akampitishia kipimo cha mawimbi ya sauti. Mama Furaha aligeuza kichwa kuitazama skrini. Kazi hiyo aliijua, ila yeye aliifanya kwenye vyuma.

"Daktari," alisema, "hapo ulipopita kuna kivuli. Rudi kidogo."

Daktari alirudi. Ilikuwa saratani ya ini. Mwalimu Emmanuel anasema njiani kurudi Makote mkewe alizungumza zaidi kuhusu mashine kuliko ugonjwa, akiisifu kwamba ni nzuri kuliko ya ofisini. Walipofika mbele ya nyumba ndipo alipomshika mkono, akakaa naye hivyo muda mrefu.

Alipata matibabu Dar es Salaam mara nne, na mwaka mzima wa 2024 alikuwa akipata nafuu na kuzidiwa tena. Juni mwaka huu alimwita Ashiru akamkabidhi nyundo yake.

"Mtani, unanipa nyundo wakati siwezi kuingia popote?"

"Gonga kwa nje," alisema. "Halafu mwite anayeweza."

Aliaga dunia nyumbani Makote, Jumanne ya tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, Mwalimu akiwa upande mmoja na Bibi Ethel upande mwingine. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Ameacha mume, Mwalimu Emmanuel Mchopa. Mama mzazi, Bibi Ethel, mwenye miaka themanini na miwili, anayetembea kwa mkongojo hadi leo. Watoto watatu, Furaha, Kelvin na Oliva. Mjukuu mmoja, Maria. Ndugu zake wanne. Wifi yake Isabela. Na mtani wake Ashiru.

Wengi wanajua kwamba kwetu mtani ana haki yake kaburini. Jana alasiri hapa Lulindi, tulikomrudisha marehemu alale kwao, wachimbaji walipomaliza, Bwana Ashiru alisogea, akavua viatu, akashuka. Wazee walidhani atalala humo akatae kutoka mpaka apozwe kwa fedha kidogo, kama watani wanavyofanya, na walikuwa wamejiandaa. Hakudai kitu. Alitoa nyundo ndogo mfukoni, akaanza kugonga ukuta wa kaburi, kiganja kwa kiganja, pande zote nne. Ardhi ya Lulindi haina mlio, lakini aliinamisha sikio kila alipogonga.

Isabela alikuwa amesimama ukingoni. Alitazama, na baada ya muda akaita, "Ashiru."

"Nipo."

Akangoja. Watu wote wakangoja. "Ashiru."

"Nipo."

Alimwita mara tano. Alipopanda, wachimbaji wawili wakimvuta, ovaroli yake ya kazi ilikuwa nyekundu kwa udongo. Isabela akamuuliza, "Umekuta nini?"

"Hakuna kitu, dada," alisema Ashiru. "Ni pazima. Leo mimi nimeingia, yeye alikuwa anangoja nje."

Mama Furaha, mahali pako pamekaguliwa. Ingia ulale usingizi.